Kitabu cha hesabu ni cha nani?

Historia fupi ya vitabu huria katika masomo ya mwaka wa kwanza



Kila mwaka vijana waliomaliza sekondari hapa Kisangani, nao wa kwetu Kapalata wamo kati yao, wanaingia universite na vyuo vya ualimu na tumaini kubwa. Mmoja anachagua sayansi, mwingine uchumi, mwingine ualimu. Wote wanakutana na mlango mmoja: somo la hesabu la mwaka wa kwanza. Wengi wanapita, na wengi wanabaki nje. Tukiuliza sababu, tunajibiwa upesi: «Hesabu ni ngumu, haikupewa kila kichwa.» Sisi hatutaki kupokea jibu hilo kabla ya kuuliza swali jingine: Je, kijana huyu alikuwa na kitabu mkononi?

Mara nyingi hakuwa nacho. Alikuwa na silabusi, yaani maandiko ya mwalimu yaliyopigwa fotokopi, kisha fotokopi ya fotokopi, mpaka namba ndogo ya juu imepotea na alama ya kutoa imefutika. Katika somo la historia, herufi ikifutika msomaji anaweza kuikisia. Katika hesabu, alama moja ikifutika, ukweli umegeuka uongo. Tena silabusi inanunuliwa, na asiyeinunua anaogopa. Hatusemi haya juu ya shule fulani. Ni desturi ya nchi nzima, na wasomaji wetu wanaijua.

Basi tumeona inafaa kueleza jambo hili kwa njia ya historia. Tutatazama namna kitabu cha hesabu kilivyotufikia, namna watu wa Afrika ya Mashariki walivyojaribu kuandika vitabu vyao, namna ruhusa mpya ilivyozaliwa tangu mwaka 2001, na matunda yaliyoonekana. Mwishoni tutasema neno juu yetu wenyewe.

I. MWALIMU ANASOMA, MWANAFUNZI ANAANDIKA

Desturi ya silabusi si ya Kongo peke yake, wala si ya jana. Katika universite za Ulaya za zamani, kabla ya mashine za kupiga chapa, kitabu kiliandikwa kwa mkono na bei yake ilikuwa kubwa sana. Kwa hiyo mwalimu alisimama akasoma, na wanafunzi wakaandika. Silabusi ilikuwa dawa ya ugonjwa mmoja: upungufu wa vitabu.

Chapa ilipokuja, mambo yalianza kubadilika. Kitabu cha Euclid, ambacho ndicho mzazi wa jometri, kilipigwa chapa mara ya kwanza huko Venezia mwaka 1482. Mwaka 1574 Padri Christopher Clavius, Mjesuiti aliyefundisha hesabu katika Collegio Romano, alitoa Euclid mpya pamoja na maelezo yake. Ni Clavius huyohuyo aliyesaidia kutengeneza kalenda ya Papa Gregorio mwaka 1582. Hakuandika kwa ajili ya mabingwa tu; aliandika ili wanafunzi wa mashule mengi wasome kitu kimoja, mwalimu apate nafasi ya kueleza, wala asipoteze siku nzima kwa kusomesha imla.

Mwanafunzi wake mmoja, Padri Matteo Ricci, alikwenda China. Huko, pamoja na msomi Xu Guangqi, alitafsiri vitabu sita vya kwanza vya Euclid kwa Kichina, na kazi hiyo ilitoka mwaka 1607. Maneno mengi ya jometri hayakuwapo katika Kichina, ikawapasa wayatunge. Tukumbuke mfano huu, maana tutaurudia: kitabu cha hesabu kinaweza kuhama nchi, kinaweza kubadili lugha, lakini lazima wawepo watu wawili, mmoja anayejua hesabu na mmoja anayejua lugha, wakae pamoja.

Kwetu Kongo, hesabu ilikuja na shule za misioni: kuhesabu, kujumlisha, kupima, kuandika deni na malipo. Aljebra na jometri kwa muda mrefu zilipatikana hasa katika seminari ndogo, maana kwa Waafrika hizo zilikuwa karibu njia pekee ya masomo marefu. Universite ya Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, na ile ya serikali huko Elisabethville ikafuata baada yake. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, Wakongo wenye diploma ya universite walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa namna hii. Walimu wa Kibelgiji walipoondoka kwa wingi, UNESCO ilileta walimu kutoka nchi mbalimbali, na kati yao Wahaiti wengi, waliofundisha hesabu na Kifaransa katika sekondari zetu. Wazee wetu wangali wanawataja kwa heshima.

Mji wetu nao ulipata universite. Mwaka 1963 makanisa ya Kiprotestanti yalifungua Université Libre du Congo hapa Stanleyville. Mwaka uliofuata vita ya 1964 iliivuruga. Mwaka 1971 serikali iliunganisha universite zote tatu kuwa moja, Université Nationale du Zaïre, na Kisangani ikapewa kitivo cha saikolojia na ualimu. Mwaka 1981 ikasimama peke yake: Universite ya Kisangani. Kwa hiyo mji huu uliwekwa rasmi kuwa mahali pa kufikiri juu ya kufundisha. Hatuna haki ya kusema kwamba swali la vitabu halituhusu.

II. ENTEBBE, 1962

Mwaka 1962, huko Entebbe kando ya ziwa Victoria, walikutana walimu wa hesabu kutoka nchi za Afrika zilizotumia Kiingereza, pamoja na Waingereza na Wamarekani. Kazi iliongozwa na William Ted Martin, profesa wa hesabu katika universite ya MIT ya Marekani, chini ya shirika lililoitwa Educational Services Incorporated. Walikaa majuma kadhaa, wakaandika. Mwaka uliofuata wakarudi, na miaka mingine tena. Vitabu walivyotoa vilijulikana kwa jina la mji wenyewe: Hesabu ya Entebbe.

Siku hizo Ulaya na Marekani zilikuwa zimeshikwa na homa ya «hesabu mpya». Mtoto asianze tena kwa kuhesabu vijiti. Aanze kwa kufikiri juu ya makundi ya vitu, yaani seti, na juu ya mpango unaoziunganisha. Ubelgiji nayo ilikuwa na mtu wake, Georges Papy, ambaye kitabu chake cha kwanza cha hesabu mpya kilitoka mwaka 1963. Kwa hiyo Waafrika wa Kiingereza na wa Kifaransa walipata homa moja, ila kwa mito miwili.

Tuseme wema wa Entebbe kwanza. Vitabu vile havikutoka katika duka la London vikiwa vimekwisha. Viliandikwa Afrika, na Waafrika wakiwa mezani. Vilijaribiwa darasani, walimu wakasema mahali palipowashinda, na kurasa zikabadilishwa. Jambo hili lilikuwa jipya kabisa.

Sasa tuseme upungufu wake. Kwanza, mawazo makubwa yalikuwa yamekwisha kuchaguliwa kwingine. Mwaka 1967 John Gay na Michael Cole walitoa kitabu chao juu ya hesabu mpya na desturi ya zamani, baada ya kuchunguza watu wa kabila la Kpelle huko Liberia. Waliwaonyesha watu bakuli la mchele na kuwauliza kuna vikombe vingapi. Wakpelle wasiokwenda shule walikisia vizuri kupita Wamarekani waliosoma. Maana yake nini? Maana yake hesabu ilikuwapo katika nyumba ya mwanafunzi, lakini kitabu hakikubisha hodi katika nyumba hiyo.

Hata udongo wa Kongo unashuhudia. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, mfupa mdogo wenye mistari iliyochanjwa kwa safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Katika safu moja kuna 11, 13, 17 na 19. Katika nyingine 11, 21, 19 na 9. Jumlisheni: kila safu inatoa 60. Wataalamu hawajapatana juu ya maana yake. Wengine wanaona mchezo wa namba, wengine kalenda ya mwezi. Lakini hakuna anayekana kwamba mtu fulani, kando ya ziwa letu, alikaa akahesabu kwa uangalifu. Mfupa wenyewe umewekwa Brussels.

Upungufu wa pili ulikuwa wa fedha na wa haki. Fedha za Entebbe zilitoka nje, na zilipokwisha, mikutano ilikwisha pia. Vitabu vingine vya hesabu mpya vilivyofuata katika Kenya, Uganda na Tanzania vilikuwa mali ya nyumba za kupiga chapa. Mwalimu wa Mbeya au wa Gulu aliyeona kosa au mfano usiofaa hakuwa na ruhusa ya kubadili ukurasa, kuuchapa upya na kuwagawia wenzake. Wazazi hawakuelewa kitu watoto wao walichojifunza, na wenye duka walilalamika kwamba kijana hajui tena kurudisha chenji. Mwaka 1981 Kenya iliiacha hesabu mpya katika shule zake.

Tusicheke wazee wa Entebbe. Walikuwa wameshika nusu ya ukweli: kwamba kitabu kizuri kinaandikwa na wengi, tena na wale wanaofundisha. Nusu nyingine ilikosekana: kwamba baada ya kuandikwa, kitabu kibaki mikononi mwa hao hao wanaofundisha.

III. RUHUSA MPYA

Nusu ile ya pili ilipatikana miaka karibu arobaini baadaye. Mwezi Aprili 2001 MIT, ileile alikofundisha Profesa Martin wa Entebbe, ilitangaza kwamba itaweka maandiko ya masomo yake katika intaneti, kila mtu asome bila kulipa. Mwaka huohuo kulianzishwa shirika la Creative Commons, na mwezi Desemba 2002 likatoa leseni zake za kwanza. Mwezi Julai 2002 UNESCO iliita mkutano Paris, na huko ndiko lilikozaliwa jina la nyenzo huria za elimu. Tarehe 25 Novemba 2019 mkutano mkuu wa UNESCO ulipitisha maagizo ya kuyaomba mataifa yote yazitegemeze.

Hapa tusimame kidogo, maana wengi wanakosea. Kitabu huria si kitabu cha bure tu. Kitabu cha bure unapewa ukisome. Kitabu huria unapewa pamoja na ruhusa. Ruhusa hizo huhesabiwa tano: kukishika kiwe chako, kukitumia darasani, kukirekebisha, kukichanganya na kingine, na kukigawa kwa wengine. Mwenye kukiandika hapotezi jina lake; sharti la kwanza la karibu leseni zote ni kumtaja. Wengine wanaongeza masharti: usikifanyie biashara; au, ukikibadili, nawe toa kazi yako kwa ruhusa ileile; au, usikibadili kabisa. Kwa hiyo kabla ya kutumia kitabu, tutazame alama iliyoandikwa katika ukurasa wake wa mwanzo. Kuiba kitabu cha mtu na kukipitisha katika telefone si kitabu huria. Ni wizi, hata kama darasa zima linafurahi.

Katika hesabu za mwaka wa kwanza, kazi kubwa ilifanywa na universite ya Rice huko Houston. Tangu 1999 ilikuwa na mradi wa kukusanya maandiko ya walimu. Mwaka 2012 ikaanza kutoa vitabu kamili kwa jina la OpenStax: aljebra, trigonometri, takwimu, na mwaka 2016 mabuku matatu ya analizi, ambayo Waingereza huita kalkulasi. Mmoja wa waandishi wakuu wa mabuku hayo ni Gilbert Strang wa MIT. Mwalimu wa Kisangani anaweza kuyachukua, kuyatafsiri na kuyapunguza, mradi ayatoe kwa ruhusa ileile na asiyafanyie biashara.

Lakini je, Afrika ilikaa tu ikipokea? Hapana. Huko Nairobi kulikuwa na Universite ya Afrika kwa Njia ya Mbali, iliyojulikana kwa herufi AVU. Ilianza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia huko Washington, kisha ikahamia Nairobi mwaka 2002. Tangu 2005 mpaka 2011, kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, iliwakusanya walimu wa universite za nchi kumi, Tanzania, Kenya, Uganda, Somalia, Senegal na nyingine, waandike masomo ya kuwafundishia walimu wa hesabu na sayansi. Yalitoka masomo 73, kila moja katika Kiingereza, Kifaransa na Kireno, yote kwa leseni huria. Kwa mfano, somo la njia za kukadiria majibu kwa tarakimu liliandikwa na Profesa Ralph Masenge wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Ndiyo kusema Mtanzania aliandika, na Msenegali akasoma kwa Kifaransa. Entebbe haikufika hapo, maana mlango wake ulikuwa wa Kiingereza peke yake.

IV. JE, WANAFUNZI WAMEJIFUNZA ZAIDI?

Swali hili ni la haki, na lijibiwe bila kupamba.

Mwaka 2019 Virginia Clinton na Shafiq Khan walikusanya uchunguzi uliofanywa juu ya wanafunzi karibu 100,000, wengine wenye vitabu huria, wengine wenye vitabu vya kununua. Waliona mambo mawili. La kwanza: kwa jumla, kujifunza kulikuwa sawasawa. Kitabu huria hakikuwafanya wanafunzi kuwa werevu kupita wenzao, wala hakikuwapunguzia. La pili: waliosoma kwa kitabu huria waliacha somo katikati ya mwaka kwa uchache zaidi.

Wengine watasema: «Kumbe si kitu!» Sisi tunasema ni kitu kikubwa. Kama kitabu kisicho na bei kinafundisha sawa na kitabu cha bei kali, basi bei ile ilikuwa inanunua nini? Tena uchunguzi huo ulifanywa hasa katika nchi ambamo mwanafunzi asiye na fedha ana maktaba iliyojaa. Kwetu shindano si kati ya kitabu huria na kitabu kizuri cha kununua. Shindano ni kati ya kitabu huria na ukurasa uliofutika.

Hata hivyo tusidanganyike: kitabu peke yake hakifundishi hesabu. Hesabu inajifunzwa kwa mkono, yaani kwa mazoezi, na mazoezi yasiyosahihishwa ni kama njia bila kiongozi. Unakwenda mbali, lakini hujui kama unakwenda nyumbani. Ugumu huu unajulikana kila mahali penye darasa kubwa. Mwalimu mmoja ana wanafunzi mia kadhaa; akiwapa mazoezi kumi kila juma, nani atasahihisha?

Universite ya Maseno, karibu na Kisumu, ambayo iko katika mstari wa ekweta kama vile sisi tulivyo karibu nao, ilijaribu jibu moja tangu mwaka 2019. Walitumia programu huria inayoitwa STACK, iliyoanzishwa na Chris Sangwin huko Uingereza. Inafanya kazi hivi: mwanafunzi anapewa swali, anaandika jibu lake kwa alama za hesabu, si kuchagua a, b au c. Kompyuta inapima kama jibu ni sawa, hata likiandikwa kwa namna nyingine; ukiandika x + x au 2x, inajua kwamba ni kitu kimoja. Likiwa si sawa, inaweza kumwonyesha kosa lake: «Umesahau kubadili alama.» Tena kila mwanafunzi anapata namba zake, hata kunakili jibu la jirani hakufai kitu, lakini kumwuliza jirani njia ya kufanya kunafaa sana.

Programu ile inatumia mashine nyingine ya hesabu, Maxima, ambayo mizizi yake ni kazi iliyoanza MIT mwaka 1968. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1998 William Schelter alipewa ruhusa ya kuitoa huria. Kama mlango huo usingalifunguliwa, walimu wa Maseno wasingalikuwa na kitu cha kutumia. Basi kilicho muhimu kwetu ni hiki: walimu wa Maseno hawakubaki watumiaji tu. Waliandika maswali yao kwa masomo yao, na maswali hayo yanaweza kugawiwa wengine. Hapo wazo la Entebbe limefufuka, na safari hii lina nusu zake mbili.

V. NA SISI KISANGANI?

Tunajua vizuizi. Umeme wa Tshopo unakatika. Intaneti ni ya bei, na mega zinakwisha kabla ya ukurasa kufunguka. Walimu wana mishahara inayochelewa, na silabusi inawasaidia kula. Tusiseme juu ya vitabu huria kana kwamba vizuizi hivi havipo.

Juu ya umeme na intaneti, kuna njia za katikati. Programu kama Kiwix na Kolibri zilitengenezwa makusudi ili maktaba nzima ishuke mara moja, ikae katika mashine ndogo, na wanafunzi waisome kwa telefone bila intaneti. Buku likipatikana mara moja, linapita toka telefone moja kwenda nyingine bila malipo. Na kwa wasio na telefone, leseni inaturuhusu kuchapa: nakala kumi safi katika maktaba ya shule zinapita mia mbili zilizofutika.

Juu ya mwalimu, tunasema wazi: haki yake isidharauliwe. Asistanti aliyekesha akiandika maelezo mazuri amefanya kazi, na mfanyakazi anastahili malipo. Kumwambia atoe silabusi yake huria bila kumpa kitu ni kuhamisha mzigo toka kichwa cha mwanafunzi kwenda kichwa chake. Lakini malipo yanaweza kutoka mahali pengine. Universite inaweza kuhesabu kitabu huria kati ya kazi zinazompandisha mwalimu cheo. Sehemu ndogo ya minervali inaweza kulipa waandishi mara moja, na kitabu kikabaki kwa miaka kumi. Ni afadhali kulipa mwandishi mara moja kuliko kulipa fotokopi kila mwaka.

Tena kidole kimoja hakivunji chawa. Tangu 2021 mpango wa LMD umetandazwa katika universite zote za nchi, na masomo ya mwaka wa kwanza yanafanana mahali pengi. Kwa nini kila mwalimu aandike peke yake somo lilelile la aljebra? Walimu watatu au wanne wa Kisangani, wa universite na wa chuo cha ualimu, wanaweza kuchukua kitabu kimoja huria, kukigawana sura kwa sura, na kukitoa na majina yao pamoja na jina la mwandishi wa kwanza.

Wakibadili, wabadili hasa mifano. Vitabu vya ng'ambo vinapenda treni mbili zinazokutana. Huku mwanafunzi anajua mto. Tumpe swali hili: Pirogi yenye mota inashuka kilometa 36 kwa saa 2, kisha inapanda njia ileile kwa saa 3. Mwendo wa pirogi ni upi, na wa maji ni upi? Kushuka ni kilometa 18 kwa saa, yaani pirogi na maji pamoja. Kupanda ni 12, yaani pirogi kuondoa maji. Ukijumlisha hizo mbili, maji yanajifuta, na unabaki na pirogi mara mbili: 30. Basi pirogi ni 15, na maji ni 3. Kijana aliyeelewa hivyo amekwisha kufungua mlango wa ekwesho mbili zenye vitu viwili visivyojulikana, naye hakuogopa.

Na lugha? Mitihani ni kwa Kifaransa, na hatudai kitu kingine. Lakini kueleza si kutahini. Ricci na Xu walitunga maneno kwa Kichina. Watanzania wametunga mengi kwa Kiswahili, nao huita somo lenyewe hisabati. Mwalimu anayesema kwamba derivé ya funksio ni mteremko wa njia mahali unapokanyaga, na kwamba limiti ni mpaka unaoukaribia daima, amewasha taa. Msamiati mdogo mwishoni mwa kila sura, Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, haugharimu kitu ila uangalifu.

Mwisho tunawageukia wasomaji wetu hasa. Mtu atauliza: mapadri, waseminari na wakatekista wanaingiaje katika mambo haya? Mwaka 1974 serikali ilichukua shule zote. Mwaka 1977, kwa mapatano yaliyotiwa sahihi, ilizirudishia dini uongozi. Tangu hapo shule nyingi za sekondari za nchi hii zimo mikononi mwetu, na mlango wa universite unaanza kujengwa katika madarasa hayo. Mwaka 2019 masomo ya primeri yametangazwa kuwa bila malipo. Ni jambo jema. Lakini shule bila malipo na bila kitabu ni sahani bila chakula. Padri mkuu wa shule anaweza kuuliza kila mwaka: darasa la hesabu lina kitabu gani, na cha ruhusa gani? Mseminari anayefundisha mwaka wa majaribio anaweza kuandika mazoezi ishirini mazuri na kuyaacha kwa atakayemfuata, jina lake likiwa juu na ruhusa ikiwa chini. Mkatekista anayeshika daftari la parokia anaweza kuonyesha vijana hesabu za kweli: mfuko wa saruji, mabati ya paa, sadaka ya mwezi.

Tumalize kwa swali lililo juu ya ukurasa wetu. Kitabu cha hesabu ni cha nani? Historia inajibu hivi: kiliwahi kuwa cha mwalimu aliyesoma kwa sauti, kisha cha mpiga chapa, kisha cha mfadhili aliyeondoka na fedha zake. Leo sheria ya waandishi wengi inakuruhusu wewe, mwalimu wa Kapalata au wa Isangi, kukishika, kukitengeneza na kukipitisha. Ruhusa imekwisha kutolewa. Iliyobaki ni kazi, na kazi yenyewe inaanza kwa sura moja, iliyoandikwa vizuri, yenye alama zote za kutoa mahali pake.